Sheria ya Risasi Mbili

6 Februari

Mke wangu mdogo,

Pokea salamu kutoka nyumba hii ambayo tangu uondoke haina mtu wa kubishana naye. Mimi sijambo, ila kiuno kinajifanya kizee kuliko mwenyewe. Mke mwenzio hajambo pia. Sare za shule zimemjaa mpaka kitandani, cherehani inalia kutwa, na ameniagiza nikuandikie kwamba kula si anasa. Mama yako alipita Jumapili akalalamika kuwa hupigi simu. Nikamwambia mimi simu sitaki, simu humfanya mtu aseme kabla hajafikiri. Wewe niandikie barua, kama tulivyokubaliana.

Karakana yangu ni ileile. Bado naletewa bunduki zenye kutu na wenyewe wanaapa kwamba huzisafisha kila wiki. Binti wa daktari wa meno, daktari yule aliye katibu wa klabu yetu, siku hizi anakuja kujifunza kusugua mitutu kwenye meza uliyojifunzia wewe. Anakaa kwenye kigoda chako na anakunja uso kama wewe. Nimemwambia akazane, maana aliyemtangulia sasa ni askari wa wanyamapori mwenye gari na dereva.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika barua yako ya kwanza uligusia chui anayesumbua huko machimboni, ukapita haraka. Mimi sikupita haraka. Mwezi wa sita klabu yetu ya wawindaji inafanya mkutano wa mwaka, na nimeshapeleka jina lako. Utakuwa mwanamke wa kwanza. Unajua utaratibu: anayeomba kuingia analeta simulizi ya mnyama mkali mmoja aliyemwinda kwa sheria zetu, inasomwa mbele ya wote, kisha wanainua mikono. Sheria nilizipaka rangi mwenyewe kwenye ubao kabla mama yako hajazaliwa. Kwa miguu. Mchana. Bila chambo wala kuvizia majini. Mama mwenye watoto haguswi. Na risasi mbili tu, moja ya mnyama na moja ya kosa lako. Anayehitaji ya tatu hakujiandaa, basi abaki nyumbani auze mboga.

Chui huyo ni wako. Mwinde kwa heshima, mimi nitasoma.

Babu yako, mwenyekiti

20 Februari

Babu,

Mimi ni mzima, nakula, mwambie Bibi nakula mpaka mkanda unalalamika. Naomba umpe pole ya sare. Mama nitampigia, mwambie mlima wa hapa ndio unaokatakata simu.

Ofisi yetu ina meza mbili na kabati moja lisilofunga. Meza moja ni ya karani, ambaye huweka kikombe chake cha chai juu ya ramani ya wilaya, kwa hiyo tuna ziwa la duara ambalo halipo duniani. Dereva wangu tunamwita Kinyonga. Anaendesha kana kwamba barabara imetandazwa mayai. Nilimuuliza kama gari lina gia ya tatu, akanijibu kwamba ipo, anaitunza.

Machimboni ni shimo kubwa la mawe lenye mashine ya kusaga kokoto inayonguruma tangu asubuhi. Vumbi limewapaka watu wote rangi moja. Wachimbaji wanakaa na familia zao kwenye vyumba vya mstari mmoja ukingoni, na nyuma ya vyumba kuna shimo la zamani lililoachwa, limejaa vifusi na vichaka. Chui anakaa humo. Alianza na mbwa, wameisha. Kisha mbuzi. Wiki iliyopita alimrukia mpishi wa wachimbaji akitoka kuchota maji, akamrarua bega. Mpishi yuko hospitali na anaendelea vizuri, lakini sasa watoto wanafungiwa ndani na mama zao wanaletewa maji mlangoni.

Nimeziona nyayo. Ni dume, mzee, mguu mmoja wa mbele anaukanyaga kwa upande. Nadhani ndiyo sababu ameacha swala akaja kwa mbwa.

Nitakuuliza swali, na usinune. Hii ni kazi, Babu, si mchezo. Nikitundika mguu wa mbuzi kama chambo nikakaa ndani ya gari, nitampata kesho kutwa na hakuna atakayeumia. Kuna ubaya gani? Mchezo unahitaji wawili waliokubali kucheza. Chui huyu hakuna aliyemuuliza.

Wasalimie wote, na huyo anayekalia kigoda changu mwambie mguu mmoja umelegea.

Mkeo mdogo

3 Machi

Mke wangu mdogo,

Salamu zako zimefika na Bibi yako amezisoma kabla yangu, kama kawaida ya nyumba hii. Sote wazima. Kigoda nimekigongomea.

Sikununa. Nilicheka, kisha nikanuna kidogo, kisha nikakaa kuandika.

Unasema ni kazi. Sawa. Kinyozi naye ana kazi, lakini hamnyoi mtu aliyelala. Chui ana meno, kucha, pua na miguu minne. Wewe una bunduki, na bunduki tayari ni dhuluma. Ukiongeza gari, na chambo, na risasi kibao, umebakiza nini cha kujivunia? Umeua tu, na kuua hata mtego unaweza. Sheria zetu zinampa mnyama nafasi. Anaweza kukusikia, anaweza kukukimbia, anaweza hata kukushinda. Ndiyo maana anayerudi na ngozi ya chui kwa sheria zetu hutazamwa usoni na kila mtu, na anayerudi nayo kwa gari huulizwa kama petroli ilitosha.

Na risasi mbili ndizo zinazofunza mkono. Mtu mwenye tano hupiga ya kwanza akijua zipo nne. Mwenye mbili hapigi mpaka awe na uhakika. Mimi nimetembea na mbili maisha yangu yote na mikono yangu miwili ninayo, muulize Bibi yako atakuambia.

Najua utafanya sawasawa, maana nilikufundisha mwenyewe na sifundishi ovyo. Klabuni nimeshaanza kujigamba. Daktari wa meno amenywea.

Usisahau kuniandikia kila kitu, upepo ulitoka wapi, ulisimama wapi, alianguka vipi. Wanapenda sana hayo.

Babu yako

22 Machi

Babu,

Hatujambo. Chui amekufa. Machimboni kazi inaendelea na watoto wametoka nje. Mpishi amerudi jikoni.

Samahani kwa ufupi, kuna shughuli nyingi. Mwambie Bibi naomba anishonee shati moja la kazi, lenye mikono mipana.

Wasalimie.

Mjukuu wako

5 Aprili

Mke wangu mdogo, shujaa wa nyumba,

Tumepokea. Nilipofika kwenye neno "amekufa" niliinuka, kiuno kikasahau kwamba kinauma. Nilikwenda klabuni jioni ileile, koti langu la kuwindia mwilini ingawa lilikuwa joto la kupasua mawe, nikawaambia. Wakauliza risasi ngapi. Barua haikusema, basi nikawaambia moja. Nakujua. Kama ni mbili nitasahihisha, mbili nazo si aibu.

Binti wa daktari wa meno alipiga makofi. Ameapa kwamba msimu ujao ataingia msituni naye, kwa sheria zilezile, na baba yake amekubali.

Lakini mke wangu, barua gani ile? Hata ankara ya maji ina maneno mengi. Upepo uko wapi? Na umeandika na nini, mbona herufi zimelalia upande kama walevi? Nunua kalamu ya maana. Simulizi yenyewe naitaka kabla ya mwezi wa sita, na iwe ndefu.

Bibi yako ameitazama barua muda mrefu kuliko mimi. Kisha alikwenda kukata kitambaa.

Babu yako mwenye furaha

11 Mei

Mke wangu mdogo,

Sote wazima. Posta nayo ni nzima, nimekwenda kuwauliza mwenyewe, wakaniambia barua za watu wengine zinafika bila shida.

Mkutano ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Sina simulizi. Watu wananiuliza na mimi nimeishiwa vya kuwajibu, kwa hiyo nimeanza kubuni upepo.

Bibi yako anakutumia shati. Nililiona akilipiga pasi nikamwambia amekosea, mkono mmoja mpana na mmoja wa kawaida. Akanijibu kwamba hajakosea. Ameupanua wa kulia tu, kwa sababu aliyeandika barua ile ameandika kwa mkono wa kushoto, na mtoto huyu tangu azaliwe ni wa kulia. Kisha akarudi kwenye cherehani akanipa mgongo.

Nimeisoma tena ile barua. Niambie kilichotokea.

Babu

27 Mei

Babu na Bibi wapenzi,

Shati limefika na limenienea mno. Bibi, wewe ungefaa kuwa mpelelezi. Msiogope, mkono upo, vidole vyote vinafuata amri, na barua hii naiandika kwa mkono wa kulia, polepole. Daktari anasema kovu litakuwa refu lakini nguvu zitarudi. Mama sijamwambia. Nitamwambia nikimwona, ili aweze kunipiga kwa urahisi.

Babu, ulitaka simulizi. Hii hapa. Ukiisoma mkutanoni, isome yote. Kama huwezi kuisoma yote, usiisome kabisa.

Bunduki yangu ya kazi huingia risasi tano. Asubuhi ile, ukingoni mwa shimo la zamani, nilizitoa tatu nikazipanga mbele ya usukani. Kinyonga alinitazama akasema, "Bosi, mbona unazipunguza?" Nikamwambia ni desturi ya nyumbani. Akasema nyumbani kwao wakienda vitani huongeza. Nilicheka nikashuka kwa miguu. Upepo ulitoka kusini, ukanipiga usoni, upepo mzuri, unaweza kuacha kubuni.

Nilimkuta amelala juu ya jiwe bapa, mbali kiasi. Nililenga vizuri. Risasi ya kwanza ilipita juu yake ikapasua jiwe, hata leo sijui kwa nini, labda nilihema. Aliruka. Nikapiga ya pili akiwa hewani, ikamwingia nyonga. Nilisikia inavyoingia. Alianguka nyuma ya kifusi akanguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama yeyote, na mimi nikasimama pale na bunduki tupu.

Kama ningekuwa na ya tatu, Babu, yote yangeishia hapo. Alionekana kichwa na kifua, akijaribu kusimama, kwa muda wa kutosha mtu kupiga hata mara mbili. Nilifungua, nikafunga, nikavuta, ikalia tik. Mkono ulikuwa umesahau kwamba nimezipunguza. Hapo ndipo aliponiona.

Nilikinga uso kwa mkono wa kulia. Sitaeleza zaidi kwa ajili ya Bibi. Kilichoniokoa ni gari. Kinyonga aliliteremsha mle shimoni, juu ya mawe, kwa gia zote alizokuwa akizitunza, huku amekalia honi. Chui aliniacha akaingia vichakani akiburuta miguu ya nyuma.

Wewe ulinifundisha kwamba uliyemjeruhi ni wako mpaka afe, kwa hiyo ofisi ilipotaka kutuma kikosi kingine nilikataa. Lakini daktari hakunitoa hospitali siku hiyo, wala iliyofuata, wala iliyofuata. Siku zote hizo wachimbaji hawakutoka vyumbani. Usiku walimsikia. Mama mmoja aliniambia alikuwa akilia kama mtu anayeita mwenziwe.

Nilitoka mkono ukiwa kwenye kitambaa. Nilimkuta mchana kwenye mfereji wa maji chini ya mashine ya kokoto. Alikuwa amelala, kidevu ndani ya maji, na hakuweza kunywa. Nzi walikuwa wamejaa nyongani. Alinigeuzia macho tu. Nilipiga kutoka ndani ya gari, mtutu juu ya dirisha, kwa mkono wa kushoto, mnyama akiwa majini na amelala. Hesabu mwenyewe ni sheria ngapi nimevunja. Ile ndiyo risasi pekee katika kazi yote ambayo sioni haya kuisimulia.

Nimepata muda mwingi wa kulala chali na kufikiri, na nimefika mahali ambapo sitatoka. Sheria zako nyingine nazishika. Sivizii majini, kwa sababu kila kiumbe lazima anywe. Simgusi mama mwenye watoto. Simtafuti mnyama kwa gari akiwa mzima na haki yake ya kukimbia. Hizo zinamlinda mnyama. Lakini ya risasi mbili haimlindi mnyama, Babu. Inalinda jina la mwindaji. Nilimpa chui nafasi kama ulivyosema, na nafasi niliyompa ilikuwa siku nne za kuoza akiwa hai. Yeye hakujua kwamba nilikuwa namheshimu.

Mkosaji ni mimi, nilikuwa na akili zangu na bunduki yangu. Lakini sheria ile ni mbaya, na naomba ifutwe kabla binti wa daktari wa meno hajaingia msituni nayo.

Nawapenda sana.

Mjukuu wenu

19 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu. Bibi yako alilia kwanza, kisha akanigombeza mimi, kisha akaenda sokoni akarudi na vitu ambavyo hatuvihitaji. Sasa hajambo. Mimi nipo.

Mkutano umefanyika. Niliisoma yote. Nilisimama mbele ya ubao wangu nikasoma mpaka kwenye mfereji, mpaka kwenye nzi, mpaka kwenye maneno ya kwamba sheria ni mbaya. Nilipomaliza, mzee wa ghala la mbao alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nilidhani tumeshinda.

Ndipo daktari wa meno akasimama. Si mtu mbaya yule, na alikupa pole ya dhati. Lakini akasema hivi: "Makosa ya mwindaji tusiyatwishe sheria. Mwenyekiti wetu ametembea na risasi mbili maisha yake yote, na mnamwona, yuko mzima. Sheria iliyomtosha yeye inatutosha sote." Wote wakageuka kunitazama.

Nilitazama ubao.

Mikono ikainuliwa. Sheria imebaki, na jina lako limekataliwa. Nilikuwa nimechoka, nilisimama muda mrefu, kiuno kiliniuma. Binti wa daktari wa meno alikuja jana kusugua mtutu wake kama kawaida. Ataingia msituni mwezi wa tisa kabla mvua hazijaanza. Nimemfundisha kuhema vizuri kabla ya kupiga.

Nakutumia koti langu la kuwindia. Ni zito na limepauka, lakini halijararuliwa na chui yeyote. Wewe unalistahili kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye viti vile.

Babu yako

(Kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa koti, mwandiko wa Bibi)

Mke mwenzangu,

Babu yako hajui kwamba nakuandikia, na hiki ninachokuandikia hakijui pia. Tangu mwaka tuliooana, kila nilipolifua koti hili nililishona tena pindo, na ndani ya pindo nikashona risasi moja. Wao na sheria zao za wanaume, mimi mume nilikuwa naye mmoja tu. Hakuwahi kuiona. Hata sasa unapolishika lina risasi. Wewe mwanamke mwenye kazi yako utajua la kufanya. Usimwambie, ataona nimemvunjia heshima, na heshima yake ndiyo inayompeleka barabarani kila asubuhi.

Kula.

Bibi yako

17 Julai

Babu,

Natumaini kiuno kimekupa likizo. Barua hii naituma karakanani, ili safari hii uisome wewe kwanza. Mimi nimerudi kazini kamili. Mkono unavuta, kovu linaniwasha kukiwa na baridi, na watoto wa machimboni wananiomba niwaonyeshe kila nikipita. Kinyonga amerudi kwenye gia yake ya kwanza. Mpishi ametutengea bakuli zetu, hatuombi tena. Mama amekuja, ameliona kovu, amenipiga kama nilivyotabiri, kisha akaniogesha kama mtoto mchanga.

Kwamba nimekataliwa hakunitoi machozi. Nimekaa kwenye kigoda cha karakana yako, cheo kikubwa kuliko hicho klabu haina.

Koti limefika. Lilikuwa kubwa, nimelipunguza mabega tu. Wiki iliyopita tuliitwa kwa fisi aliyenaswa kwenye waya wa uzio, mguu umevunjika, watu wamemzunguka na mawe. Nililivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Bunduki ilikuwa na risasi zake tano. Niliwaondoa watu, nikamkaribia kwa miguu, nikamaliza kwa moja. Nne nikarudi nazo, na sikujiona nimepunguka.

Ila kuna jambo nimeligundua nikitembea kutoka garini hadi kwenye uzio, na ni mwendo mrefu. Pindo la koti lako lina kitu kidogo kizito. Limeshonwa vizuri sana, kwa macho huoni lolote, na aliyelishona anaamini kabisa kwamba mvaaji hajawahi kujua. Sitamwambia tofauti. Lakini kile kitu, Babu, kinanigonga goti kila hatua. Sitaji ni goti gani. Nilitembea nalo asubuhi moja tu na jioni nilikuta alama. Wewe ulitembea nalo miaka.

Sikuulizi kama uliwahi kulifumua. Nakukumbusha tu kwamba daktari wa meno alisema sheria iliyokutosha wewe inawatosha wote, na wewe ukatazama ubao. Msichana yule ataingia msituni mwezi wa tisa na risasi mbili za kwenye ubao. Koti lake ni la dukani.

Nakusalimu kwa heshima zote, na Bibi mwambie nakula.

Mkeo mdogo

4 Agosti

Mke wangu mdogo,

Goti la kulia.

Nimeitisha kikao, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na kopo la rangi nimeshanunua. Litume koti langu haraka, nitalihitaji siku hiyo moja, niliweke mezani mbele ya daktari wa meno apapase mwenyewe. Vidole vyake vina mazoea ya kutafuta kilichofichwa.

Bibi yako nimemwambia jana usiku. Akauliza kwa nini basi sikusema miaka yote hiyo ili anishonee mbili.

Pindo usiliguse.

Babu yako